Fundi Hodari na Mkufunzi Hodari

Mtu apitaye katika barabara ya Ngong, karibu na Dagoretti Corner, huona vitanda, meza na makabati yaliyopangwa kando ya njia, yote kazi ya maseremala. Vivyo hivyo huko Kibera, na katika mtaa wa Kongo uliomo Kawangware, hukosi kusikia nyundo na vyerehani. Vijana wengi wa mitaa hiyo hawakujifunza kazi chuoni. Walijifunza kwa kukaa na fundi. Kwa hiyo maisha yao yamo mikononi mwa mtu ambaye pengine hakuna aliyemwuliza kama ajua kufundisha.

Wako watu wadhanio kwamba kila fundi hodari ni mkufunzi hodari. Sivyo. Fundi huufanya ubao uwe meza. Mkufunzi humfanya asiyejua awe ajuaye. Na ubao hauoni haya, wala haukati tamaa.

Sifa ya kwanza ya mkufunzi ni subira. Wazee walisema, maji ya kifuu ni bahari ya chungu. Kupiga randa ni jambo dogo kwa mtu aliyelifanya miaka ishirini, lakini kwa mwanagenzi ni bahari. Mkufunzi mwema hukumbuka siku alipopinda misumari yeye mwenyewe. Akiulizwa neno lile lile mara ya tatu, hasemi, "Wewe huna akili," bali hujiuliza, "Nimelieleza vibaya wapi?" Kijana atukanwaye mbele ya wateja hujifunza jambo moja tu, nalo ni kuficha makosa yake, na kosa lililofichwa ndilo livunjalo kiti mnunuzi akikikalia.

Sifa ya pili ni kutenda ayasemayo. Huko Kabete, si mbali na Kawangware, ilifunguliwa mwaka 1925 shule ya Jeanes, iliyowafundisha walimu wa kuzunguka na kuzisaidia shule za vijijini. Walimu hao walikuja na wake zao, nao wake wakafundishwa utunzaji wa nyumba na watoto, maana nyumba ya mwalimu nayo ni somo: jirani hulitazama shamba lake kabla ya kuyasikiliza maneno yake. Mwaka 1961 mahali pale pakawa chuo cha maofisa wa serikali, lakini funzo lile lingali na nguvu. Fundi asemaye, "Pima mara mbili," kisha yeye akakata kwa kukisia, wanafunzi wataufuata mkono wake, si mdomo wake.

Sifa ya tatu ndiyo ngumu: kutoa ujuzi bila choyo. Mafundi wengine humtuma kijana akalete chai wakati wa kuunga mbao kwa ustadi, kwa kuogopa kwamba kesho atafungua duka mkabala na lao. Hofu hiyo si upumbavu, kwa kuwa riziki ni riziki. Lakini dawa yake ni kupatana tangu mwanzo: kijana atajifunza kwa muda gani, na baada yake atafanya kazi kwa malipo gani. Kumnyima ujuzi si dawa, ni kumwibia miaka yake.

Bwana Carey Francis aliacha kazi ya kufundisha hesabu Cambridge, akaja Maseno mwaka 1928. Toka 1940 hata 1962 alikuwa mkuu wa Alliance High School, Kikuyu. Baadhi ya wanafunzi wake wakawa mawaziri. Yeye alipostaafu akaenda kufundisha watoto wa Pumwani, Nairobi, hata akafariki mwaka 1966. Na katika miaka yetu, Bwana Peter Tabichi, mwalimu wa hesabu na fizikia katika shule ya Keriko, Njoro, alipewa tuzo ya mwalimu bora duniani mwaka 2019. Naye alikuwa akitoa sehemu kubwa ya mshahara wake kuwasaidia maskini. Wote wawili walitoa, wala heshima yao haikupungua.

Basi, mzazi umpelekaye mwanao kwa fundi, usiyatazame makabati yake tu. Uliza habari za vijana aliowafundisha, wako wapi leo, na wanamtajaje. Hao ndio kazi yake iliyo kubwa.