Watoto wa Nzi Katika Tundu la Mti

Masika yaliyopita, katika kijiji kimoja cha wilaya ya Ngara, upande uelekeao Biharamulo, palitokea ugomvi kwa ajili ya mwembe. Mwembe huo ni mali ya mama mmoja mjane, na maembe yake ndiyo yanunuayo madaftari ya wanawe. Jirani yake ana mtoto aliyeshikwa na malaria mara mbili katika muda mfupi. Akaona mbu wakitoka katika tundu lililo kwenye panda ya mwembe, mahali maji ya mvua yatuamapo, akataka mti ukatwe. Maneno yakawa mengi hata wakaletwa chuoni kwetu tuwaamue.

Sisi hatukuwa na la kuamua kabla ya kuyaona maji yenyewe. Tukawatuma wanafunzi wawili wakubwa wapande na upawa na kopo, wakarudi na maji meusi kama chai iliyolala. Tukayamimina katika bakuli jeupe, tukaliweka juani, tukangoja yatulie.

Yafaa msomaji ajue ya kwamba mbu, usubi, mbung'o na nzi wa nyumbani ni ukoo mmoja, kwa kuwa kila mmoja wao ana mbawa mbili tu, hali nyuki na kipepeo wana nne. Na watoto wao hawafanani na wazazi wao hata kidogo. Ndipo watu wanapowakosea.

Viluwiluwi walio wengi katika bakuli walining'inia vichwa chini, kila mmoja na mrija mfupi mnene mkiani ukigusa uso wa maji. Kwa mrija huo huvuta pumzi. Kiluwiluwi wa mbu wa malaria hana mrija huo: yeye hulala ubapa chini ya uso wa maji, kama kijiti kieleacho. Tulimtafuta sana, hatukumwona hata mmoja. Wala si ajabu, maana mbu wa malaria ni nadra kutaga katika matundu ya miti. Hupenda madimbwi ya chini yapigwayo na jua, nyayo za ng'ombe zilizojaa maji, na mashimo ya matofali.

Mara wanafunzi wakapiga kelele. Kiluwiluwi mmoja, mkubwa kuliko wenziwe wote, mwenye rangi ya hudhurungi, alikuwa amemkamata mwenziwe akimla. Huyu ni mtoto wa mbu mkubwa mwenye mdomo uliopinda kwenda chini, ambaye akisha kuota mbawa hunyonya utamu wa maua tu, wala hanywi damu kabisa. Basi katika tundu lile alikuwamo na mlinzi! Alikuwamo pia funza mwenye mkia mrefu kama wa panya, nao mkia ule ni mrija wa pumzi, hurefuka na kufupika. Akikua huwa nzi afananaye na nyuki, azungukaye maua, asiyeuma mtu.

Hatusemi kwamba maji ya tundu hayana dhara. Wale wenye mrija mfupi ni wa ukoo uitwao Aedes, na mayai yao hubandikwa ukutani mwa tundu, hustahimili ukavu miezi mingi, kisha huanguliwa mvua irudipo. Katika msitu wa Zika, karibu na Entebbe nchini Uganda, wataalamu waliweka kima katika vizimba juu ya miti wakichunguza homa ya manjano, na mwaka 1947 wakapata kwa kima mmoja kirusi kilichoitwa kwa jina la msitu huo. Mwaka 1948 wakakipata katika mbu Aedes africanus, naye huzaliwa katika matundu ya miti. Huko Bwamba, magharibi ya Uganda, ilibainika kwamba mbu wa msituni hupelekeana homa ya manjano na kima, kisha kima wajapo kuiba ndizi huumwa na mbu wengine wazaliwao katika makwapa ya majani ya migomba, na hao ndio wamwumao mkulima. Sisi watu wa migomba tusilipuuze hilo.

Na tundu kavu nalo lina yake. Katika mapori yetu, ambayo tangu mwaka 2019 yamo katika Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato, wako mbung'o. Jike huzaa funza mmoja mmoja, aliyekwisha kukomaa, na wakati wa joto kali huenda akamzalia katika vumbi la tundu la mti. Funza hujifukia, akawa kama punje nyeusi yenye vinundu viwili nchani, na baada ya kadiri ya mwezi hutoka mbung'o. Mchunga ng'ombe akiona punje za namna hiyo na azivunje.

Tuliyaacha maji katika kopo lililofunikwa kitambaa chepesi, na katika wiki mbili wakatoka mbu wenye madoa meupe miguuni. Jirani aliwaona kwa macho yake. Kisha tukafuatana naye mpaka nyuma ya nyumba yake, kwenye shimo alilofyatulia matofali, tukachota kwa bakuli lile lile. Walikuwamo waliolala ubapa, wengi mno. Alinyamaza kitambo, akaomba jembe. Tundu la mwembe wanafunzi wamelijaza mchanga hata ukingoni, na shimo limefukiwa nusu. Nusu iliyobaki, amesema, angoja ng'ombe wa shemeji yake wasombe udongo.