Jicho halipofuki kwa njia moja



Katika parokia yetu kulikuwa na mama mzee ambaye kwa miaka minne tulimhesabu kuwa kipofu. Mjukuu wake wa kiume alimshika mkono kumleta ibadani, mashemasi walimpelekea unga na sabuni nyumbani, nasi tulimwombea kila juma. Hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza: ni sehemu gani ya jicho iliyoharibika? Siku moja muuguzi mgeni alimulika macho yake kwa tochi, akasema: «Huyu mama anaweza kuona tena. Ana katarakte.» Alipasuliwa jicho moja. Kesho yake, bandeji ilipoondolewa, alimtazama mjukuu wake akamwambia: «Kumbe umekuwa mrefu hivi!» Tulifurahi, lakini pia tuliona haya. Kutojua kwetu kulimgharimu miaka minne.

Kwa hiyo tumeona vema kueleza jinsi jicho lilivyoumbwa na jinsi kila sehemu inavyoharibika kwa namna yake.

Kioo cha mbele

Jicho la mtu mzima ni mviringo wenye upana wa karibu milimita 24. Mbele kabisa kuna konea, utando angavu kama kioo cha dirisha, wenye unene wa karibu nusu milimita. Konea haina mishipa ya damu, ndiyo maana inapitisha mwanga bila kizuizi. Hewa yake inaipata kupitia machozi. Ina mishipa mingi sana ya fahamu, na kwa sababu hiyo hata chembe ya vumbi inatutoa machozi.

Kioo hiki kikipata kidonda, kinaweza kubaki na kovu jeupe, na kovu hilo ni vigumu sana kulitibu. Hapa ndipo tunapoumizana wenyewe. Jicho likiuma, mmoja analeta maji ya majani, mwingine maziwa ya mama, mwingine hata mkojo. Vitu hivi huingiza vijidudu au huunguza konea, na jicho ambalo lingepona kwa juma moja linapotea kabisa.

Mboni na lenzi

Nyuma ya konea kuna irisi, ile duara yenye rangi. Katikati yake ni mboni. Weusi wa mboni si rangi, ni tundu. Katika jua kali linajifinya, na gizani linapanuka ili kuruhusu mwanga zaidi.

Nyuma ya tundu hilo kuna lenzi. Lenzi ya kijana ni laini: inajivimbisha ili aone cha karibu, inajinyoosha ili aone cha mbali. Miaka inavyopita inakuwa ngumu. Sisi tuliopita miaka 40 tunalijua jambo hili: kila mwaka tunaisogeza Biblia mbali kidogo, mpaka mkono unakuwa mfupi! Huo si ugonjwa, miwani ya kusomea inatosha.

Katarakte, ambayo wengine huiita mtoto wa jicho, ni jambo lingine. Lenzi imejengwa kwa protini zilizopangwa vizuri, na mpangilio huo ndio unaoifanya iwe angavu. Protini hizo zikishikamana, lenzi inaingia ukungu, kama vile ute wa yai unavyogeuka mweupe ukipata moto. Kama yai lililoiva lisivyorudi kuwa bichi, ndivyo hakuna matone wala majani yatakayosafisha lenzi hiyo. Inatolewa kwa upasuaji, na mahali pake panawekwa lenzi ya plastiki. Daktari Harold Ridley aliiweka ya kwanza huko London mwaka 1949. Alikuwa ameona kwamba marubani wa vita walioingiwa machoni na vipande vya plastiki ya vioo vya ndege, macho yao hayakuvikataa. Shirika la Afya Duniani, OMS, linasema katarakte ndiyo inayopofusha watu wengi kuliko ugonjwa mwingine wowote duniani. Na inatibika.

Lakini mkiona weupe ndani ya mboni ya mtoto mdogo, msingoje. Inaweza kuwa katarakte ya kuzaliwa, au uvimbe wa saratani unaohatarisha uhai wake. Mpelekeni hospitali mara moja.

Retina na mshipa wa nyuma

Mwanga unaishia kwenye retina, utando ulio nyuma ya jicho. Una chembe karibu milioni 120 za kuonea katika mwanga hafifu, na karibu milioni 6 za kuonea rangi. Picha inafika hapo kichwa chini, miguu juu, na ubongo ndio unaoielewa sawasawa.

Chembe za mwanga hafifu zinahitaji vitamini A. Mtoto anayejikwaa jioni wakati wenzake bado wanaona anaonyesha kwamba vitamini hiyo imepungua. Akiachwa, konea yake pia inakauka na kuharibika, hasa akipata surua. Mpelekeni kituo cha afya apewe vitamini A. Nyumbani tunaweza kumkinga kwa lengalenga, sombe, mapapai na mafuta mekundu ya mawese.

Kutoka retina, nyuzi karibu milioni moja zinaungana kuwa mshipa wa fahamu unaokwenda kwenye ubongo. Ndani ya jicho kuna maji yanayotengenezwa na kutoka kila siku. Njia yake ya kutokea ikiziba, mara nyingi shinikizo linapanda na kuua nyuzi hizo kidogo kidogo. Hiyo ni glakoma. Kwa wengi haiumi. Inaanza kula pembeni, na mtu anagundua wakati amebaki kuona kama kupitia bomba. Kilichopotea hakirudi. Matone ya daktari ya kila siku au upasuaji vinalinda kilichobaki. Mwenye ndugu wa damu aliye na glakoma apimwe mapema.

Tufanye nini?

Neno «kipofu» linafunika watu wa namna nyingi: anayeweza kuona kesho, anayeweza kulinda alichonacho, na ambaye anahitaji tu mkono wetu. Tusipouliza, tunawafanya wote kuwa wa namna moja. Katika Yohana 9 wanafunzi waliuliza ni nani aliyetenda dhambi hata mtu akazaliwa kipofu. Sisi tunauliza ni nani aliyemroga. Bwana hakulipokea swali hilo, alimshughulikia mtu mwenyewe.

Basi kila parokia iandike majina ya wasioona vizuri, wapimwe, na kanisa lichangie nauli ya pikipiki. Tuendelee kuomba. Ila asiwepo mtu wa kumwagia kitu chochote ndani ya jicho la mwenzake.

Mama yetu amepasuliwa jicho la pili. Sasa anakuja ibadani peke yake, na mjukuu wake amerudi shuleni.