Amri ya Nne: Wazee Wetu na Uchache wa Siku



Wasikilizaji wapenzi, jioni hii twaendelea na amri ya nne. Wengi hudhani ya kuwa yawahusu watoto wadogo tu, wapaswao kutii. Sivyo. Yoshua bin Sira, katika sura ya tatu ya kitabu chake, asema na mtu mzima ambaye baba yake amezeeka: amvumilie, hata akili zake zikipunguka.

Nazo hupunguka kweli. Amtunzaye mzee ajua. Usiku wa manane mama huamka, amwulizia mume aliyezikwa zamani. Amekwisha kunywa uji, naye asema amenyimwa chakula. Mwenye kumlisha huchoka, na pengine hukasirika. Kuchoka si dhambi. Lakini autazame mkono ule unaotetemeka: ndio uliomwogesha yeye utotoni, na yaonekana kama ni jana. Zaburi ya 90 yahesabu maisha yetu kuwa miaka 70, au 80 kwa wenye nguvu. Basi, kati yake alalaye mkekani na yeye ashikaye kijiko, pana umbali gani? Labda miaka 30.

Wako wasemao ya kuwa kikongwe aliyeishi sana amekula miaka ya wajukuu. Neno hilo ni uwongo, nalo huua. Mwaka 2021, katika Kivu ya Kusini, huko Kabare, Kalehe na Walungu, wanawake kadhaa, wengi wao wazee, waliuawa kwa kusingiziwa uchawi. Mtoto akishikwa na malaria, apelekwe hospitalini upesi, wala asitafutwe bibi wa kulaumiwa. Miaka yatoka kwa Mungu. Hakuna awezaye kuila ya mwenziwe.

Tena mwauliza: padri aitwe lini? Zamani watu walingoja pumzi ya mwisho, maana sakramenti hii iliitwa Mpako wa Mwisho. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mwaka 1963, ulifundisha ya kuwa yafaa zaidi kuiita Mpako wa Wagonjwa. Na kwa taratibu ya mwaka 1972, mzee aliyedhoofika aweza kuipokea hata asipokuwa na ugonjwa wa hatari. Padri humpaka mafuta katika paji la uso na mikononi. Basi aitwe wakati mzee angali aweza kuungama na kuitikia Amina, na wana waliogombana naye juu ya shamba wangali na mtu wa kumwomba msamaha. Tengenezeni meza ndogo, kitambaa cheupe, msalaba na mshumaa. Padri akiwa mbali, katekista apelekewe habari kesho asubuhi. Mvua zikianza, njia za milimani hazipitiki.