Bakuli la Mjukuu na Mbao Zisizo na Jina

Nyumba ya Bibi huko Tanga ilipobomolewa, hatukukubali kila kitu kiishie jalalani. Tulibeba vipande vitatu vya mbao: mwimo wa mlango wa mbele, kipande cha nguzo ya uani, na ubao mmoja uliokuwa darini. Binti yetu alifurahi mno. Alitaka kipande kimojawapo kikerezwe bakuli la uji la mtoto wake wa kwanza, ili mjukuu ale katika mbao za nyumba aliyozaliwa babu yake.

Tulipofika kwa fundi wa kukereza, hakuwasha mashine. Alivigeuza vipande vyetu, akavinusa, kisha akauliza: “Mama, hii ni miti gani?” Mzee akanitazama, nami nikamtazama. Hatukujua.

Je, jina la mti lina faida gani, maadamu mbao ni kavu na nzuri? Fundi alitufundisha kwamba lina faida kubwa, hasa kwa chombo kitakachotia chakula.

Usihukumu kwa ngozi

Mbao iliyokaa juani na mvuani miaka mingi hugeuka kijivu, uwe mninga au msindano. Kwa hiyo kwanza fundi alipitisha sumaku kutafuta misumari iliyojificha, maana msumari mmoja huharibu patasi na waweza kumjeruhi mkerezaji. Kisha akakata ncha ya kila kipande, akailainisha kwa wembe mkali na kuilowesha kidogo. Hapo ndipo rangi ya kweli huonekana, na harufu iliyolala huamka. Kwa lenzi ndogo alitazama vitundu vya mbao. Msindano hauna vitundu hivyo; mninga na mvule vinavyo. Uzito nao husema: mpingo ni mzito hata huzama majini.

Nguzo ya uani

Kipande hiki kilinuka lami mara kilipokatwa. Kilikuwa nguzo ya zamani iliyotiwa dawa ya kuzuia mchwa. Nguzo nyingine huwa na rangi ya kijani kwa sababu ya dawa yenye shaba, kromiamu na aseniki, ambayo ni sumu. Akina mama, mbao za namna hii zisifanywe mwiko, kinu wala sahani. Wala mabaki yake yasipelekwe jikoni kuwa kuni, kwa kuwa sumu hubaki katika moshi na majivu. Tulimwomba fundi asikikate tena.

Vivyo hivyo kwa makreti ya mizigo: alama ya HT yaonyesha yalitiwa joto, lakini MB yaonyesha yalifukizwa dawa ya methili bromaidi. Yenye MB yaache.

Mwimo wa mlango

Huu ulikuwa mzito, wenye wekundu wa kahawia, na kila kitundu kilizungukwa na weupe kama jicho dogo. Fundi aliweka maranda yake mabichi juu ya kitambaa cheupe kilicholowa. Baada ya muda kitambaa kikapata madoa ya manjano. “Mkongo,” akasema. Wengine huuita mbambakofi. Ni mti imara, unaopendwa kwa milango, lakini rangi yake hutoka ukilowana. Je, tungetia uji wa mtoto humo?

Ubao wa darini

Ubao huu haukutambulika. Ulipokatwa kidogo, sote tulipiga chafya. Vumbi la miti mingi, kama mninga, mvule na mpingo, huwasha pua na ngozi. Tena mwaka 1995 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliweka vumbi la mbao miongoni mwa vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Basi kama baba au kijana wako anakereza, afunike pua na mdomo kwa barakoa nzuri, na watoto wasichezee maranda.

Ukitaka jina la hakika, kata kipande safi kisicho na rangi, andika kilikotoka, ukipeleke kwa wataalamu wa misitu. Tanzania kuna TAFORI huko Morogoro; Kenya kuna KEFRI huko Muguga. Nasi tumehifadhi kipande chetu kwa kusudi hilo. Mpaka tupate jibu, ubao huo hautagusa chakula.

Binti yetu alisikitika kidogo tulipomweleza. Mjukuu atakula uji katika bakuli lake la kawaida. Lakini mwimo wa Bibi umekerezwa bakuli pana, nalo lipo katikati ya meza, limejaa machungwa na ndizi, mbali na maji. Mtoto amekwisha kujifunza kusimama kwa kushika meza ile, na kitu cha kwanza anachonyoshea mkono ni mlango wa babu yake.