Asali na Kidonda cha Mwenye Sukari

Ukipita Singida au Tabora wakati wa msimu, utaona asali imepangwa kando ya barabara ndani ya chupa zilizokuwa za maji ya kunywa. Muuzaji hataji chai wala mkate. Atakuambia ni dawa ya kifua, dawa ya tumbo na, siku hizi, dawa ya kidonda cha mwenye sukari. Kwa hilo la mwisho hadanganyi kabisa, ila kasema nusu.

Nusu yake ni ya kweli, tena ya kale. Wamisri walifunga majeraha kwa asali zaidi ya miaka 3,500 iliyopita. Karibu asilimia 80 ya asali ni sukari, na maji yake huwa chini ya asilimia 20. Kwa ukavu huo hufyonza maji popote inapogusa, hata ndani ya bakteria. Halafu ina asidi. Nyuki naye huitia kimeng'enya ambacho, asali ikikutana na majimaji ya kidonda, huzalisha haidrojeni peroksaidi, dawa ileile inayotoa povu ukisafishia jeraha, ila hapa hutoka kidogo kidogo.

Basi mbona madaktari wanasita? Mapitio ya 2015 ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaochambua tafiti za tiba, yaliona kwamba majeraha ya moto yasiyo ya kina hupona upesi zaidi kwa asali kuliko kwa baadhi ya bandeji za kawaida. Kwa mguu wa mwenye kisukari ushahidi haukutosha. Mwaka 2023 miongozo ya kimataifa ya mguu wa kisukari ikapendekeza asali isitumike kwa lengo la kuuponya.

Jibu limo mguuni mwenyewe. Mchukue mzee aliyeishi na sukari miaka mingi. Nyayo zimekufa ganzi. Kokoto imeingia kwenye kiatu asubuhi, naye kaikanyaga mpaka jioni bila habari. Anayegundua ni mjukuu, kwa kuona damu kwenye soksi. Mishipa imebana, damu inafika kwa shida, na askari wa mwili wamelegezwa na sukari iliyopanda. Kesho mzee atakikanyaga kidonda hichohicho, kwa kuwa hakiumi. Asali inakaa juu. Haifungui mshipa, wala haimwondolei mzee uzito wake wa kilo 80 pale anapokanyaga.

Na ile chupa yenyewe? Asali inayotumika hospitalini husafishwa kwa mionzi ya gama, maana asali mbichi yaweza kubeba mbegu za bakteria hatari. Kuichemsha nyumbani ni hasara tupu: moto unaharibu kimeng'enya, mbegu zinabaki. Ile ya nyuki wadogo, inayosifiwa na kuuzwa ghali, ina maji mengi zaidi, kwa hiyo huchacha upesi. Tena kupaka si kula. Anayeilamba kwa kuwa "ni ya asili" anapandisha sukari kama mlamba sukari mwingine yeyote.

Muuguzi akikufungia bandeji ya asali ya hospitali baada ya kukata nyama iliyokufa, sina ubishi naye. Ninachokiogopa ni wiki za kupaka na kungoja nyumbani. Kama una sukari, kagua nyayo zako leo kabla ya kulala, kwa kioo au kwa macho ya mwanao. Ukikuta kidonda, nenda hospitali kesho asubuhi; ukikuta weusi au harufu, au ukiwa na homa, nenda usiku huohuo.