Je, sikio linatofautisha amplifaya?

Maswali ya wasomaji wa Hedaru na tambarare yote ya Same yamerundikana. Wakodishaji muziki, walimu wa kwaya na wenye sabufa sebuleni wanataka kujua kama amplifaya ya zamani ya Kijapani ina sauti tamu kuliko hizi za Kichina. Wengine wanauliza kwa nini masikio hulia baada ya harusi. Kwangu ni swali moja: ukubwa wa sauti hulifanyia nini sikio?

Mwaka 1987 jarida la Marekani, Stereo Review, liliwakusanya wasikilizaji 25, baadhi yao wakiamini kabisa kwamba kila amplifaya ina sauti yake. Walisikilizishwa mashine za dola 220 hivi hadi 12,000 bila kujua ipi inapiga, na ukubwa wa sauti ukasawazishwa kwa vipimo. Majibu yao hayakuzidi ya kubahatisha.

Siri imo katika kule kusawazisha. Mwaka 1933 Fletcher na Munson walionyesha kwamba sauti ikiwa ndogo, sikio hushika vizuri masafa ya kati, yaliyobeba maneno, na kuipoteza besi. Sauti ikipanda, besi hupanda masikioni haraka kuliko yale ya kati. Kwa hiyo mashine iliyofunguliwa kidogo zaidi husikika ina besi nene, hata kama haikuongeza chochote kwenye wimbo. Tena tofauti ikiwa chini ya desibeli moja, msikilizaji hasemi "hii ina kelele zaidi". Husema "hii ni safi". Muuzaji akigusa kitasa kabla ya kukupigia ile ya bei kubwa, sikio lako mwenyewe litamtolea ushahidi.

Wati nazo zimegeuzwa utapeli. Boksi linatangaza wati 5,000, kibandiko cha nyuma kinasema mashine inakula wati 60! Hakuna amplifaya inayotoa mfululizo nguvu zaidi ya inayoingiza. Hata wati za kweli ukizifanya mara mbili, unapata desibeli 3 tu; ili sauti isikike kubwa mara mbili unahitaji wati mara 10 hivi.

Zipo tofauti za kweli. Baadhi ya amplifaya za valvu hubadilisha sauti kulingana na spika zilizofungwa, na mashine mbovu huvuma. Kubwa zaidi ni kuzidiwa: shughuli iko uwanjani, wati hazitoshi, kitasa kimefunguliwa hadi mwisho. Umeme wa ndani ya mashine hauwezi kufuata vilele vya wimbi, basi vilele hukatwa vikawa bapa. Kukatwa huko huzaa masafa ya juu ambayo hayakuwemo kwenye wimbo, nayo hukimbilia kwenye twita, ile spika ndogo ya sauti za juu, na kuunguza koili yake. Mwenye muziki analaumu twita feki, anafunga nyingine, nayo inaungua. Lakini si kila ubaya hutoka kwenye mashine: kwaya ikisikika vibaya ndani ya ukumbi wa bati na kuta tupu, tengenezeni ukumbi na spika kabla ya kuchangisha fedha za amplifaya.

Sasa masikio yanayolia baada ya harusi. Shirika la Afya Duniani huwapa watu wazima saa 40 kwa wiki kwenye desibeli 80, na kila desibeli 3 zikiongezeka muda hupungua nusu. Ukifika desibeli 101, fungu la wiki nzima halidumu hata dakika 20, na mbele ya spika za harusi kiwango hicho hufikiwa. Wanaosema masikio yao "yamezoea" hawajazoea kitu: wamepoteza usikivu, kwa sababu seli za kusikia zikifa kwa binadamu hazioti tena. Anayekuuzia maji ya kitunguu au mafuta ya kuzibua masikio yanayolia anakuibia. Hayafiki sikio la ndani.

Kaeni mbali na spika, watoto zaidi, na DJ avae vizibo vya masikio. Mlio ukizidi siku mbili, nenda hospitali. KCMC ya Moshi ina madaktari wa masikio. Sikio moja likiziba ghafla bila maumivu, usingoje hata kesho, kwani matibabu yake hufaa zaidi yakianza ndani ya siku chache za mwanzo.