Vidudu vya Udongoni na Kipimo cha Damu

Mnyama afapo porini, fisi na tai huja wakala nyama, na siafu humaliza makombo. Lakini mafuta yaliyonyonywa na udongo huliwa na nani? Huliwa na bakteria, vidudu vidogo mno visivyoonekana kwa macho matupu.

Katika mafuta ya wanyama mna kitu kama nta, kisichoyeyuka katika maji, kiitwacho kolesteroli. Chevreul, mtaalamu wa Ufaransa, alikipa jina mwaka 1815 kwa maneno ya Kiyunani yenye maana ya nyongo na ugumu, kwa kuwa kilikuwa kimeonekana katika vijiwe vya nyongo. Mtu asidhani kwamba kolesteroli ni sumu. Kila chembe hai ya mwili wetu inaihitaji katika utando wake. Bali ikizidi katika damu, hujikusanya polepole katika kuta za mishipa, na njia ya damu huwa nyembamba, hata pengine ikazibika, moyo ukakosa damu. Na mwenye kuzidiwa nayo aweza kukaa miaka mingi bila maumivu yo yote. Basi hana budi kupimwa damu.

Zamani kipimo hicho kilikuwa kazi ya hatari. Wapimaji walitumia asidi kali ya salfuriki, ichomayo ngozi na kutoboa nguo, wakatazama rangi ya kijani iliyotokea. Tena rangi ile haikuaminika sana, maana vitu vingine vilivyomo katika damu viliweza kuichafua.

Msaada ulitoka udongoni. Mwaka 1944 mtaalamu aitwaye Turfitt alieleza habari za bakteria wa udongo wawezao kuibadili kolesteroli. Bakteria hana kinywa wala meno. Chombo chake ni kimeng'enya, yaani protini iliyoumbwa kwa kazi maalum, kama ufunguo ufunguao kufuli moja. Kimeng'enya hiki huondoa haidrojeni katika kolesteroli na kuipa oksijeni ya hewa. Hapo hupatikana haidrojeni peroksaidi, ile dawa ya maji itumiwayo kusafishia vidonda. Kimeng'enya chenyewe hakiishi. Kikimaliza hiki, hushika kingine.

Wataalamu walifikiri hivi: kolesteroli haihesabiki kwa macho, lakini ile peroksaidi yaweza kutiwa rangi. Mwaka 1974 Allain na wenzake wa Marekani walitangaza njia ya kufanya kazi yote katika kichupa kimoja. Kwa kuwa sehemu kubwa ya kolesteroli ya damu imeshikamana na asidi za mafuta, kimeng'enya cha kwanza huitenga. Kile cha bakteria huibadili na kutoa peroksaidi. Cha tatu huitumia peroksaidi hiyo kufanya rangi nyekundu. Kisha mwanga hupitishwa katika kichupa: kadiri wekundu unavyozidi, ndivyo kolesteroli ilivyo nyingi. Tone dogo la damu latosha, wala hapana haja ya asidi ile kali. Hata hivyo mpimaji awe mwangalifu, kwa maana vitamini C ikiwa nyingi mno katika damu huila peroksaidi kabla ya rangi kutokea, na hesabu ikaonekana ndogo kuliko ilivyo kweli.

Njia hiyo imeenea katika hospitali za nchi nyingi, nayo hutumika pia kupima vyakula, kama mayai. Kimeng'enya chenyewe hupatikana kwa kufuga bakteria katika mapipa makubwa yenye chakula chao, kisha kukichuja na kukisafisha.

Tena mwaka 1993 wataalamu wa Marekani walitangaza jambo ambalo wapimaji damu hawakulitazamia. Mabuu ya fukusi mharibifu wa pamba, yakilishwa kimeng'enya hiki kidogo tu, utumbo wao huharibika nao hufa.